TOKENI NI YAO, SIMU NI YETU



Barua imekuja. Imeandikwa kwa maneno ya upole, nayo yasema kwamba zile tokeni tunazotumia kufungulia kompyuta za kazi zitakusanywa zote, na badala yake kila mfanya kazi ataweka ndani ya simu yake mwenyewe programu ya kutoa namba za uthibitisho. Asiyefanya hivyo kabla ya siku iliyotajwa, kompyuta haitamfungulia. Mwisho wa barua twashukuriwa kwa ushirikiano wetu, ingawa hakuna aliyekuja kutuuliza kama tutashirikiana.

Kampuni iliyoandika barua hiyo hatutaitaja leo. Sababu ya kwanza ni kwamba tumekwisha omba mkutano nao, na hatutaki waseme tumewachafua kabla ya kukaa mezani. Sababu ya pili ni kwamba wanachama wa mahali pengine wametuletea barua za namna hiyo hiyo, zafanana kama shilingi kwa ya pili. Kwa hiyo, msomaji, ukidhani twasema habari za ofisi yako, huenda umesema kweli, na jirani yako wa ghorofa ya juu naye akawa amesema kweli.

Kwanza tuelewane juu ya tokeni, maana ukitaja neno hilo mtaani watu hufikiri ni namba za kununulia stima. Siyo hizo. Tokeni yetu ni kile kidude cha plastiki, ukubwa wake kama kidole gumba, kinachoning'inia pamoja na funguo za nyumba, chenye kioo kidogo na tarakimu sita. Wengi wetu tumekibeba miaka mingi bila kujua chafanyaje kazi. Si vibaya tukieleza, kwa sababu ubishi wote watoka hapo.

Ndani ya kidude mna betri, na saa, na namba moja ndefu ya siri iliyotiwa humo tangu mwanzo. Kompyuta kuu ya kampuni nayo inayo namba ile ile ya siri, na saa yake. Kila baada ya dakika moja, au nusu dakika kwa aina nyingine, pande zote mbili hupiga hesabu moja na kupata jibu moja. Jibu hilo ndilo tarakimu sita unazoziona. Ukiziandika pamoja na neno lako la siri, kompyuta hujua mambo mawili: kwamba walijua neno, na kwamba unacho kidude mkononi. Mwizi aliyeiba neno peke yake hawezi kuingia. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Kidude hakijui jina lako. Hakijui kama uko Kariobangi au Karen. Hakilii usiku wa manane. Betri ikifa baada ya miaka michache, chatupwa na chaletwa kingine kwa gharama ya mwenye kampuni. Na siku ukiacha kazi wakirudisha, karani atia saini kitabuni, na wewe na kidude hamjuani tena.

Programu ya simu, ile ya namna iliyo rahisi, hupiga hesabu ya namna hiyo hiyo. Kanuni yake ilichapishwa wazi mwaka 2011 ili kila mtu apate kuitumia, na hakuna uchawi ndani yake. Haihitaji hata bando ili kutoa namba. Yahitaji saa ya simu iwe sawa tu. Haioni picha zako, wala haisomi ujumbe wa mke wako. Twasema hivi mapema kwa sababu wako wenzetu wanaotangaza wakati wa chai kwamba programu hiyo ni jicho la meneja. Meneja akisikia hucheka, na akicheka hupata nafasi ya kutojibu maswali yetu ya kweli. Tusimpe nafasi hiyo. Hesabu haina kosa. Wala chama hiki hakikatai usalama wa kompyuta, maana pesa za wateja zikipotea sisi makarani ndio wa kwanza kushukiwa. Swali letu ni jingine: chombo cha kazi ni cha nani, nani atakinunua, na kikipotea nani ataumia?

"KILA MTU ANA SIMU"

Barua yasema, "kwa kuwa kila mfanya kazi ana simu tayari". Maneno manane tu, na mzigo wote umo humo.

Ni kweli, karibu kila mtu ana simu. Lakini simu gani? Mlinzi wa lango na mfagiaji, ambao siku hizi nao hutakiwa kuingia katika kompyuta ili kuandika zamu zao, wengi wana kabambe, ile mulika mwizi ya vitufe na tochi, ambayo betri yake hukaa siku nyingi na ambayo programu kama hiyo haiwezi kukaa ndani yake. Wengine wana simu za kisasa ambazo kisasa chake kimepita, na programu nyingi hukataa simu yenye mfumo wa zamani. Mwenzetu mmoja aliambiwa na fundi wa kompyuta, "Simu yako imezeeka, badilisha." Akauliza abadilishe kwa pesa gani. Fundi akajibu kwamba hilo si swali la idara yake. Twamsamehe fundi, yeye pia ni mfanya kazi na barua hakuiandika yeye. Lakini swali lile latafuta idara mpaka leo.

Wako pia walionunua simu kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Simu za namna hiyo hufungwa kutoka mbali mwenye nayo asipolipa. Fikirini basi. Mshahara umechelewa, mtu hana shilingi za leo, muuzaji aifunga simu. Simu iliyofungwa haitoi namba. Bila namba kompyuta haifunguki, na kompyuta isipofunguka hakuna kazi, na bila kazi deni la simu litalipwa na nini? Na yule yule aliyechelewesha mshahara ndiye atakayeandika kitabuni kwamba mtu huyu hakufanya kazi.

Tena kuna nyumba ambazo simu moja ya kisasa ni ya watu wanne. Mama aenda nayo kazini, jioni watoto waitumia kwa masomo, na usiku baba atazamia mpira. Kuweka ufunguo wa pesa za wateja ndani ya simu ya namna hiyo, kisha kumwambia mama kwamba ni juu yake kuulinda, ni kumpa kazi ya askari bila mshahara wa askari.

Tueleze jambo moja lililotokea, kwa ruhusa ya mwenyewe, bila jina lake wala la ofisi yake. Ni karani mwanamke wa zamu ya mchana. Alishuka matatu saa tatu na nusu usiku, na vijana wawili wa pikipiki wakampokonya simu. Akafanya yote ambayo mtu mwenye akili hufanya: aliomba simu ya jirani, akafungisha laini ili pesa zake za M-Pesa zisiguswe, na asubuhi akaenda kurudishiwa namba yake. Zamu ilipofika alikuwa amekaa kwenye kiti chake, tena zimebaki dakika kumi. Kompyuta ikamdai tarakimu sita. Lakini ile siri inayotoa tarakimu haikai katika laini. Hukaa ndani ya simu, na simu ilikwisha kwenda. Akamwendea msimamizi, naye akamwambia afungue tiketi kwa mafundi. Tiketi hufunguliwa katika kompyuta. Kompyuta ndiyo iliyofungwa. Siku mbili alizunguka hivyo kati ya meza na meza, na siku hizo mbili zikaandikwa kwamba hakuwa kazini, ingawa watu wote wa chumba kile walimwona. Siku ya tatu alikuja na simu mpya ya mkopo. Deni hilo bado alilipa.

Sasa ikumbukeni tokeni. Katika ofisi ile ile, tokeni ikipotea, mfanya kazi alikatwa mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali yake iliyopotea au kuharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. La makusudi, ndugu, si la kupokonywa njiani. Hayo tuliyasema mara nyingi. Makato mengine yalirudishwa, mengine hayajarudishwa. Lakini tazameni hesabu yao. Chombo kilipokuwa chao kikapotea, tulilipa sisi. Sasa chombo ni chetu, na kikipotea twalipa sisi tena, na siku za kazi twapoteza juu yake. Ni karata ambayo mwenye kugawa ndiye mwenye kula kila mara.

Hapa tuna neno na wanachama wetu vijana. Wengi wao wasema tokeni ni kitu cha kizee, chachosha mfukoni, na programu ni rahisi, kwa nini chama chapigania plastiki? Twawaelewa. Kijana mwenye simu nzuri, asiye na deni, anayekaa karibu na kazi, haoni shida, na kwake huenda kweli hakuna shida. Lakini kanuni ya kazi haiandikwi kwa ajili ya mwenye simu nzuri peke yake. Itaandikwa mara moja na itamkuta kila mtu, pamoja na kijana huyo huyo siku atakapokuwa na watoto watatu na kioo kilichopasuka.

USALAMA GANI?

Barua yadai pia kwamba programu ni salama zaidi kuliko tokeni. Tumeuliza wanaojua, nasi tumejisomea wenyewe, na mambo hayako hivyo.

Tokeni nazo zina dosari, hatutaficha. Mwezi wa Machi 2011 kampuni ya RSA ya Marekani, ambayo tokeni zake za SecurID zilikuwa zimeenea katika mabenki na maofisi ya nchi nyingi, iliingiliwa na wezi wa kompyuta, wakachukua habari zilizohusu tokeni hizo. Mwezi wa Juni mwaka huo huo kampuni ikajitolea kuwabadilishia wateja tokeni zao. Lilikuwa jambo kubwa na la aibu. Lakini aliyebeba jukumu la kubadilisha alikuwa mwenye kuuza, si karani wa dirishani.

Tena tarakimu sita ni tarakimu sita, ziwe katika plastiki au katika simu. Mtu akikupigia akijifanya fundi wa ofisi ukamsomea namba, au akikuletea ukurasa wa uongo unaofanana na wa kampuni ukaiandika humo, naye akafanya haraka, amekwisha ingia. Kwa wizi wa namna hiyo programu haiishindi tokeni hata kidogo.

Iko namna nyingine ya programu ambayo hukuletea swali kwenye simu: Je, ni wewe unayeingia? Bonyeza ndiyo. Hiyo yataka intaneti, maana yake bando lako. Septemba 2022 kampuni ya Uber iliingiliwa kwa mlango huo. Mwizi alikuwa amepata neno la siri la mtu mmoja aliyewafanyia kazi kwa mkataba. Akajaribu kuingia tena na tena, na kila mara simu ya yule mtu ikaletewa swali, mpaka mwisho akakubali. Nani kati yetu asiyeujua uchovu huo? Umetoka zamu ya usiku, umelala, simu yalia, yalia, yalia, nawe wataka inyamaze tu. Baada ya wizi wa namna hiyo kuenea, Microsoft ilianza mwezi wa Mei 2023 kuwalazimisha watumiaji wa programu yake ya kazini kuandika katika simu namba wanayoiona kwenye kompyuta, badala ya kubonyeza tu. Wamefanya vema. Lakini fundi aliyeziba tundu ndiye shahidi kwamba tundu lilikuwapo, na barua yetu haisemi kama programu tutakayowekewa ni ya kabla ya kuzibwa au ya baada yake.

Kinachozuia kweli wizi wa ukurasa wa uongo ni kitu cha kushika mkononi. Ni ufunguo mdogo unaochomekwa katika tundu la kompyuta na kuguswa kwa kidole. Ufunguo huo hufuata anwani ya ukurasa wenyewe; ukurasa ukiwa wa uongo haujibu, hata kama mwenye nao amedanganyika kabisa. Mwaka 2018 kampuni ya Google ilieleza kwamba tangu mwanzo wa 2017, ilipowataka wafanya kazi wake wote, zaidi ya 85,000, kutumia funguo hizo, hapakuwa na hata mmoja aliyeibiwa akaunti yake ya kazi kwa hila hiyo. Mwezi wa Julai 2022 wezi waliwatumia wafanya kazi wa kampuni ya Cloudflare ujumbe wa uongo kwenye simu. Watatu walinaswa, wakaandika maneno yao ya siri. Hata hivyo wezi hawakuingia, kwa sababu kila mfanya kazi wa pale alikuwa amepewa na kampuni ufunguo wa kushika. Kampuni ya Twilio, iliyopigwa kwa hila inayofanana na hiyo siku zile zile, iliingiliwa.

Basi, kama mabwana hawa hawapati usingizi kwa ajili ya usalama, dawa iko na yajulikana, nayo yaning'inia kwenye funguo kama tokeni ilivyoning'inia. Mbona barua haikuitaja? Kwa sababu ufunguo hununuliwa, na simu zetu zimekwisha nunuliwa.

HIARI YA KULAZIMISHWA

Pamoja na barua kuna fomu. Wengi wamekwisha itia saini bila kuisoma, na hatuwalaumu, maana msimamizi alisimama mezani akingoja. Fomu yasema mfanya kazi akubali "kwa hiari yake" mambo mawili. La kwanza ni programu ya namba. La pili limefichwa katika aya ya chini: programu ya kusimamia simu. Hiyo si hesabu ya tarakimu sita. Hiyo huweza kumpa mwajiri uwezo wa kukuamulia namna ya kufunga simu yako, kujua ni simu ya aina gani na mfumo wake, na, kwa jinsi itakavyopangwa, kufuta vilivyomo kutoka mbali. Mahali pengine hufuta sehemu ya kazi tu. Mahali pengine huweza kufuta simu nzima, na picha za mazishi ya baba yako zikiwa humo. Fomu haisemi ni ipi kati ya hizo. Tumeandika kuuliza, na hadi karatasi hii ilipokuwa ikipigwa chapa hatujajibiwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mtu juu ya habari zake iwe wazi, iwe huru, iwe ya jambo maalum, na mwenyewe awe ameelezwa. Yasema pia kwamba kazi ya kuthibitisha kuwa idhini ilitolewa ni ya yule anayezichukua habari, na kwamba aliyeitoa aweza kuiondoa. Je, mtu aliyeambiwa "tia saini au kompyuta haikufungulii" ametoa idhini huru? Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 31 yalinda faragha ya kila mtu, na katika kifungu cha 41 yampa kila mtu haki ya kutendewa haki katika mambo ya kazi. Maneno hayo hayakuandikwa ili yasomwe siku za sikukuu peke yake.

Wazee wetu walivaa kipande shingoni, ndani ya mkebe wa chuma, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya kwanza. Mwajiri aliandika humo siku uliyoanza kazi na siku aliyokuachilia, na bila mkono wake hukuwa huru kwenda kutafuta kazi kwingine. Hatusemi kwamba programu ni kipande. Atakayesema hivyo mkutanoni tutamkalisha chini, maana waliokivaa kile wasingependa kifananishwe na simu. Lakini wazee hao walitufundisha kukitazama vizuri kila kitu ambacho mwajiri ataka kitembee nasi hadi nyumbani, na kuuliza: kikiwa kwangu usiku, chamtumikia nani?

Wala sisi si wa kwanza kuuliza. Huko Uhispania kampuni ya Telepizza ilitaka wapeleka chakula walete simu zao wenyewe, zenye intaneti, na kuweka programu ya kuonyesha walipo. Vyama vya wafanya kazi vikaenda mahakamani. Mwezi wa Februari 2019 mahakama iitwayo Audiencia Nacional ikaubatilisha mpango huo, kwa ajili ya faragha na pia kwa sababu si haki kumtwisha mfanya kazi chombo cha kazi ya mwajiri. Mwaka 2021 mahakama ya juu ya nchi ile ikaithibitisha hukumu. Na huko California, mwaka 2014, mahakama ya rufani iliamua kwamba mwajiri anayewalazimisha watu kutumia simu zao kwa kupiga simu za kazi lazima awarudishie sehemu ya haki ya bili, hata kama mfanya kazi angelipa bili ile ile bila ya kazi hiyo. Yaani walimwambia mwajiri wa kule kwamba "ana simu tayari" si jibu.

Sheria ya California si sheria ya Kenya, na ya Uhispania vivyo hivyo. Hatutaki mwanachama yeyote asimame mbele ya meneja akidai haki ya nchi nyingine. Twazitaja kwa sababu ofisa mmoja wa upande wa waajiri alituambia kwamba dunia nzima imekwisha kubali. Dunia nzima haijakubali.

TUNALOTAKA

Mezani tutapeleka haya. Kila mfanya kazi ambaye kazi yake yahitaji uthibitisho apewe chombo na kampuni, kiwe ufunguo wa kuchomeka, au tokeni mpya, au simu ya kampuni; watakachochagua ni shauri lao, ingawa sisi twapendelea ufunguo kwa sababu tulizozieleza. Anayependa kutumia simu yake mwenyewe kwa kuwa hataki kubeba vitu viwili, na atumie, lakini alipwe posho ya kila mwezi itakayopatanwa, na aweze kubadili nia bila kuulizwa kwa nini. Programu ya kusimamia isiguse simu ya mtu binafsi kabisa; hapo hatupunguzi bei. Chombo kikiibwa na mwenye nacho akatoa habari mapema awezavyo, asikatwe mshahara, na siku za kungoja zihesabiwe kuwa za kazi. Tena wawepo mafundi wa kumfungulia hata zamu ya usiku, nao walipwe kwa zamu hiyo, maana hatutaki mzigo wetu uhamishiwe mgongoni mwa mwenzetu. Na yote yaandikwe katika mapatano ya pamoja, si katika barua ya meneja ambayo meneja mwingine aweza kuifuta kwa barua.

Watasema ni gharama. Ni gharama, hatukatai. Kiti ni gharama, taa ni gharama, na karatasi ya ile barua ilikuwa gharama. Lakini mpaka leo hakuna aliyetuandikia kwamba tuje na viti vya nyumbani kwa kuwa kila mtu ana kiti tayari.

Hadi siku ya mkutano, fanyeni hivi. Fomu usiitie saini kabla mwakilishi wa chama hajaisoma pamoja nawe. Uliyekwisha tia, mletee nakala, na usione haya. Tokeni usikatae kuirudisha ukiagizwa kwa maandishi, kwa maana ni mali yao, na kuizuia ni kuwapa sababu wanayoitafuta. Lakini kabla ya kuitoa nakili namba iliyochapwa nyuma yake, na udai karatasi yenye saini na tarehe. Kompyuta ikikataa kukufungulia, usiende nyumbani. Kaa kwenye kiti chako, andika saa uliyofika, mwambie msimamizi mbele ya shahidi kwamba uko tayari kufanya kazi, kisha mwite mwakilishi. Na mwenye kabambe asikope pesa kununua simu nyingine kwa ajili ya barua hii. Akiulizwa, ajibu kwamba simu anayo.